Mti Umeoza, Kona Imebaki

Kutoka Kaole hadi Bagamoyo mjini ni mwendo wa kilomita 5 hivi. Kwa bodaboda ni dakika chache tu. Kwa miguu, na nazi 30 kichwani, ni saa moja na zaidi, na ukiwa umefuatana na mtoto wa miaka saba anayesimama kila anapomwona kaa wa mikokoni, hesabu saa mbili. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Nazi zilikuwa za bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Kaole tangu siku aliyoolewa hadi siku tuliyomzika.

Jumamosi iliyopita niliswali alfajiri, nikavaa raba, nikaishika njia ile kutokea mjini kwenda Kaole. Sikuwa na shughuli huko zaidi ya kulizuru kaburi lake. Nilitaka pia kuona njia imebaki kiasi gani.

Nianze na kichwa cha bibi, maana karibu kila ninachokijua kuhusu njia kilianzia hapo. Asubuhi alichukua kipande cha kanga iliyochakaa, akakikunja kwa urefu, akakizungusha kwenye vidole vinne vya mkono wa kushoto, mara mbili, mara tatu, kisha ncha akaichomeka ndani. Hiyo ndiyo kata. Wengine wanaiita ngata. Aliiweka utosini, akaisogeza mbele kidogo, akaigonga kwa kiganja. Halafu alichuchumaa mbele ya tenga na kuniita: "Njoo unitwike, mama." Nguvu za kumtwika mtu mzima nazi 30 sikuwa nazo. Watu wawili wa jirani ndio waliolinyanyua. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika ukingo mmoja ili lisiyumbe wakati anainuka. Aliinuka kwa magoti, polepole, shingo imenyooka kama mlingoti. Akishasimama, mikono anaiachia. Kuanzia hapo hadi sokoni hakuligusa tena tenga lile, na ukimsalimia njiani anakugeukia mwili mzima.

Tukishayaacha magofu ya kale ya Kaole nyuma na kuimaliza minazi, njia ilikwenda sawa hadi mahali penye uwazi wa majani. Hapo, bila sababu yoyote ya kuonekana kwa macho, ilikata kulia, ikazunguka hatua kama 20, kisha ikarudi kwenye mstari wake. Katikati ya mzunguko hapakuwa na kitu. Si kisima, si kaburi, si kichuguu.

"Bibi, mbona tunazunguka?"

"Palianguka mkwaju."

"Uko wapi?"

"Umeoza zamani. Hata mimi naolewa, sikuukuta."

Jibu hilo nimetembea nalo miaka zaidi ya 30.

Njia ya miguu haina aliyeichora. Mtu wa kwanza anapita penye wepesi, wa pili anafuata majani yaliyolala, wa tatu anakuta dalili, na baada ya misimu miwili ya mvua udongo umeshashindiliwa na nyayo hata mbegu haioti. Mti ukianguka katikati, mwenye mzigo kichwani hawezi kuruka gogo wala kupita chini yake. Anazunguka. Gogo lenyewe mchwa wanalimaliza kwa miaka michache, lakini kufikia hapo mzunguko nao umeshakuwa mgumu na mweupe, na pale palipokuwa njia pamejaa nyasi zenye umande, na upupu juu yake. Nani ataiacha njia safi akalowane na kuwashwa? Kwa hiyo mjukuu anazungukia mti ambao bibi yake hakuuona.

Njia kubwa ya misafara, ile iliyoifanya Bagamoyo kuwa Bagamoyo, ilikuwa hivyo hivyo. Watu huiwaza kama barabara. Sehemu kubwa ya njia ile ilikuwa ujia wa mguu mmoja, watu wanafuatana mmoja nyuma ya mwenzake, kupitia Usagara, Ugogo hadi Unyamwezi, na kutoka hapo Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, jumla kama kilomita 1,200. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walianzia hapa hapa Kaole mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba: siku 134. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na kilo 30 au zaidi za vitambaa, shanga au waya wa shaba wakati wa kwenda, na pembe za ndovu wakati wa kurudi. Maneno yao bado tunayo vinywani. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi. Hongo ilikuwa ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtu, na Ugogo ndiko ilikotozwa kwelikweli. Kutembea mchana wa jua kali na kulala mahali pasipo na maji, ili kesho mapema mfike penye maji, waliita terekeza. Neno hilo silisikii tena, na ninasikitika, maana siku za namna hiyo bado zipo.

Mbele ya wote alikwenda kirangozi, na bendera. Yeye ndiye aliyeijua njia. Wasafiri wa wakati ule waliandika juu ya desturi yake moja ambayo niliposoma mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini, nikatazama dirishani. Akifika njia panda, kirangozi alivunja tawi au kuokota majani akayalaza kwenye njia isiyo yenyewe, au akaburuta mguu na kuikata kwa mstari mavumbini. Hakuandika kitu. Msafara wa watu mia mbili au mia tatu huwa mrefu: nyuma wapo wagonjwa, wapo wenye vidonda miguuni, wapo wanawake na watoto, na wengine watafika kambini usiku. Wakikuta tawi limelala, wanajua. Hapa si penyewe.

Kitabu nilikiweka chini kwa sababu nilimwona bibi.

Karibu na mikoko njia yetu iligawanyika. Ya upande wa bahari ilikuwa ya mkato, inapita mchangani kati ya mikoko. Ya upande wa pili ilipanda juu na ilikuwa ndefu zaidi. Siku za kawaida tulipita chini. Siku za bamvua maji yalijaa hadi ndani, na hata yakishatoka yaliacha tope la kumeza mguu hadi gotini. Mwenye mzigo akiteleza hapo, nazi zote baharini. Bibi alikuwa anatoka nyumbani mapema kuliko wenzake, kwa hiyo yeye ndiye aliyeyaona maji kwanza. Akiyakuta, alisimama, akatafuta kwa macho kuti kavu lililoanguka, na kwa kuwa hawezi kuinama na tenga kichwani, alilikamata kwa vidole vya mguu. Alivua kandambili. Kidole gumba na cha pili kilishika bua la kuti, akalivuta nyumanyuma, hatua fupi fupi, mgongo na shingo vimesimama vilevile, hadi likalala kukingama njia ya chini. Akalikanyaga kidogo likae. Akavaa kandambili tukaenda zetu kwa juu.

Nilimwuliza anamfungia nani. Akasema, "Anayekuja."

Kesho yake au kesho kutwa, maji yakishapungua, kuti liliondolewa. Aliliondoa yeye au mwingine, sijui. Bamvua ikirudi, liliwekwa upya.

Nimekuja kuona kwamba waliotutangulia hutuachia vitu viwili njiani, na tunavichanganya. Kipo kuti, na ipo kona. Kuti linawekwa na mtu aliyeyaona maji leo, linasema jambo la leo, na likikauka au maji yakitoka linaondolewa. Kona haisemi kitu. Kona inakupeleka tu, na wewe unadhani unakwenda mbele.

Mimi nimezaliwa Dunda, mtaa wa mji mkongwe, hatua chache kutoka pwani. Usiku tulisikia mawimbi kitandani. Na wote nyumbani kwetu, wakubwa kwa wadogo, hakuna aliyejua kuogelea. Mama hakuturuhusu maji yavuke magoti. Hakutoa sababu, alipiga kelele tu, na kelele yake ilikuwa na kitu ndani ambacho kilitufanya tusibishe. Tulikua tukijua kwamba watu wa ukoo wetu hawaingii baharini, kama vile wengine wasivyokula nyama fulani.

Siku ya matanga ya bibi, mama mdogo alinisogelea jikoni tukichambua mchele, akaniambia kwamba bibi alikuwa na mtoto wa kwanza, wa kiume, ambaye hakuna aliyemtaja mbele yetu. Alikwenda na ngalawa wakati wa kusi, hakurudi. Ngalawa ilionekana, yeye hakuonekana. Mama yangu alikuwa hajazaliwa.

Mchele ulinibaki mkononi. Mama hakumwona kaka yake. Mimi sikumwona mjomba wangu. Na wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimesimama ufukweni karibu na soko la samaki, nikampigia mwanangu kelele ile ile, kwa sauti ile ile ya mama, hadi wavuvi wakageuka. Mtoto maji yalikuwa yamemfika kwenye vifundo vya miguu.

Sitaki nionekane ninasema hofu ya bibi ilikuwa upuuzi. Bahari ilimla mtoto wake. Mkwaju ulianguka kweli. Ila yeye alijua anachokizunguka. Sisi tulirithi mzunguko mtupu, bila jina la kijana yule, bila hata dua ya kumwombea. Ningeambiwa mapema, ningejua kusi ni nini, ngalawa ni nini, na siku gani usitoke. Hilo lingekuwa kuti. Badala yake nilipewa kona. Mwaka jana nilimpeleka mwanangu kwa mvuvi mmoja mtu mzima tunayemheshimu mtaani, akamfundisha kuogelea kwa wiki tatu, asubuhi maji yakijaa. Mimi nilisimama mchangani nimeshika kandambili zake. Sasa anaogelea. Mimi bado sijavuka magoti, lakini jina la mjomba wake mkubwa mwanangu analijua, na wakati wa kusi hasogei majini.

Ninapofikiria watu walioijua njia, siwezi kuwaruka Chuma na Susi. Mmisionari David Livingstone, waliyemtumikia safarini, alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye walikuwa na kila sababu ya kumzika hapo na kutawanyika. Waliutoa moyo wakauzika chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, na kundi lile, Chuma, Susi, Jacob Wainwright, Halima mpishi na wenzao, likatembea miezi mingi, zaidi ya kilomita 1,500, hadi hapa Bagamoyo, Februari 1874. Mwili ulilazwa misheni, kwa mapadri waliokuwapo tangu 1868, penye mnara ambao hadi leo tunauita wa Livingstone. Kisha ukavushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Katika wote waliobeba, aliyefika kwenye mazishi London mwezi wa Aprili ni Wainwright peke yake. Wengine walilipwa ujira wao wakaachwa pwani. Mgeni akija Bagamoyo anaonyeshwa mnara. Mimi ningependa aonyeshwe kwanza mchanga waliotua mzigo.

Na neno hilo, kutua, tulitazame vizuri. Kila mtu aliyesoma hapa ameambiwa jina la mji wetu lilitokana na "bwaga moyo". Wapo wanaosema ni mpagazi aliyefika pwani akautupa uchovu. Wapo wanaosema ni mtumwa aliyeiona bahari akajua harudi tena kwao, akauacha moyo wake huku bara. Mabishano hayo siyaingii. Njia ilikuwa moja, na waliipita wote wawili, mwenye ujira na mwenye mnyororo, hata baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka ule ule wa 1873. Ninachokiona mimi ni kitenzi chenyewe. Bibi hakubwaga hata siku moja. Akifika sokoni alisimama akatafuta mtu, akasema, "Nitue, baba," au "Nitue, mwanangu." Kutuliwa kunahitaji mwingine: mmoja huku, mmoja kule, tenga linashuka taratibu, nazi hata moja haivunjiki. Kubwaga unabwaga mwenyewe. Ni neno la mtu ambaye mzigo umemshinda au hakuna wa kumpokea. Nikiupita ufukwe wa zamani, hilo ndilo linaloniuma kuhusu jina letu: watu wote wale, na wa kuwatua hakuwapo.

Kwa habari zangu mimi nitapita haraka. Nilifanya kazi ya uhasibu Dar es Salaam miaka kumi na mbili. Tawi letu lilipofungwa, mafao yangu yalizungushwa hadi nikachoka kuyafuata. Kabla halijafungwa nilikuwa nimeshafungua chumba cha ushonaji hapa nyumbani, na kwa miaka miwili nilijaribu vyote, siku tatu kule, siku nne huku, usiku kwenye basi. Mnaikumbuka hadithi ya fisi aliyesikia harufu ya nyama kwenye njia panda, akaweka miguu ya kulia njia hii na ya kushoto njia ile, akaenda hivyo hadi akapasuka msamba. Bibi alinisimulia nikiwa mdogo. Hakuna aliyenikumbusha nikiwa mkubwa. Wateja niliwapoteza, kazi niliifanya vibaya, na mtoto alianza kuniita shangazi kwa kukosea. Nilipoamua kurudi moja kwa moja sikujiona shujaa. Niliona usingizi.

Basi Jumamosi. Mwanzo ulikuwa mzuri: njia ipo, pana zaidi, ina alama za matairi ya bodaboda. Kisha nikafika penye ukuta.

Matofali ya saruji, marefu kunizidi, yamepita juu ya njia kama vile haikuwapo. Sikuja kumlaumu mwenye kiwanja. Huenda alinunua kihalali, alionyeshwa vigingi vinne na karatasi, na kwenye karatasi hapakuwa na njia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitambua haki ya watu kupita. Lakini nyayo za bibi na wenzake hazikuingia kwenye ramani yoyote, na siku ya kupima hakuna aliyekuja kusema hapa tunapita. Hata mimi sikuwepo, nilikuwa Dar. Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu iliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Nilifurahi siku niliposoma. Ila reli iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914 ilikuwa imeshaifuta sehemu kubwa ya njia ile kwa kuipunguzia miguu tu, na njia isipokanyagwa inakufa hata ikiwa kwenye orodha. Hizi ndogo, za kwendea kisimani, shuleni, sokoni, zinakufa mbele ya macho yetu kwa tofali moja moja. Nimeshaongea na mwenyekiti wa mtaa. Nitarudi kwake tena.

Nilizunguka ukuta kwa upande wa bara. Na wengine walishazunguka kabla yangu, maana chini pameanza kuwa peupe.

Upande wa pili nilimkuta mama mmoja mtu mzima amekaa kando ya mzigo wa kuni, anajipepea kwa ncha ya kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi?"

"Makaburini Kaole, kwa bibi yangu."

"Utapita juu, basi. Chini kumejaa, leo bamvua." Kisha akageukia kuni zake. "Nitwike kwanza."

Alichuchumaa, akaiweka kata sawa. Safari hii nguvu ninazo. Nilinyanyua, nikahisi uzito unahama kutoka mikononi mwangu kuingia shingoni mwake, nikasubiri hadi akasimama wima na kuniambia "achia". Akashukuru, akaenda, kuni zinakwaruza majani ya mikorosho pande zote mbili.

Penye njia panda maji yalikuwa yanameta kati ya mizizi ya mikoko. Nyuma yangu, mbali kidogo, nilisikia watoto wanakuja wanacheka. Nilitafuta kuti kavu. Sikuwa na kitu kichwani, ningeweza kuinama. Nilivua raba na soksi, nikalikamata bua kwa kidole gumba na cha pili, nikaanza kulivuta nyumanyuma.